Maji ya Chini Ndiyo Yaliyoniulia Vifaranga

Kama unafuga kuku kwenye milima ya mawe ya Mwanza, iwe Kitangiri, Igogo, Bugarika au Mabatini, usianze kukagua banda kwa kuangalia paa. Angalia chini kwanza. Nilipoteza vifaranga wengi katika vuli moja, na muda wote huo paa langu halikuwa na shida kubwa. Namwandikia mtu ambaye sasa hivi banda lake lina unyevu, kuku wamejikunyata pembeni, na kila anayemuuliza anamwambia akanunue dawa.

Banda lenyewe tulilikuta. Tulipohamia Kitangiri lilikuwa tayari uani, limeegeshwa kando ya jiwe kubwa linalopita kimo cha mtu. Ukuta wa tofali ulifika kiunoni, juu yake wavu wa kuku, nguzo za milunda, mabati yaliyokwisha kupauka, sakafu ya udongo. Tulihamia mwezi wa Agosti, na mwezi wa Agosti lilikuwa banda zuri sana. Jiwe lilikinga upepo na jioni lilitoa kivuli. Nikanunua vifaranga chotara, nikawachanganya na matetea wachache wa kienyeji niliopewa na mama kutoka Misungwi.

Tunaoishi kanda hii tunaijua mvua yetu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, na wingu hujijenga juu ya maji watu wakiwa wamelala. Alfajiri linafika na radi, linamwaga kwa nguvu, na saa nne asubuhi jua limeshawaka. Ndivyo vuli ilivyoanza. Baada ya mvua chache vifaranga wakaanza kushusha mabawa na kusimama wamefumba macho. Kinyesi kikawa na damu.

Kuhara damu kunajulikana, na duka la dawa za mifugo walinipa dawa ya amproliamu ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Ilifanya kazi. Vifo vikasimama, nikashukuru, kisha mvua nyingine ikanyesha na ugonjwa ukarudi. Nikanunua tena. Ukarudi tena. Kila asubuhi nilikuwa nafungua mlango huku moyo unadunda, kwa sababu nilijua nitaokota kifaranga. Watoto wangu walikuwa wamewapa majina wale wadogo, na sikujua niwaambie nini.

Kwa kuwa maranda ya mbao niliyotandika sakafuni yalikuwa mabichi, nilimwita fundi wa paa. Alipanda, akaonyesha vitundu vya misumari, akabadilisha mabati manne. Mabati, misumari na ufundi vilikula zaidi ya laki moja na nusu. Paa likawa jipya, maranda yakabaki mabichi.

Aliyenifungua macho hakuwa fundi wa mabanda. Ni mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekula ujana wake kwenye kazi ya kupasua mawe, wale wanaowasha moto juu ya mwamba mpaka unapasuka, kisha wanaumalizia kwa nyundo. Alipita kunisalimia, nikamweleza. Hakuingia hata bandani. Alitazama lile jiwe, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, jiwe halinywi maji. Mvua yote inayolipiga inashuka kwako. Subiri inyeshe, utoke nje uangalie."

Nilitoka. Ilikuwa alfajiri, nina mwavuli na tochi ya simu. Maji yalikuwa yanateleza juu ya jiwe kama yamemwagwa kwa ndoo, yanafika kwenye ule ukanda mwembamba wa udongo kati ya jiwe na ukuta, na hapo yanapotea. Hayakutuama wala hayakutiririka, yalizama. Nikaingia ndani. Juu kulikuwa kukavu kabisa. Nilipopiga magoti kwenye kona iliyo karibu na jiwe na kufukua maranda kwa mkono, safu ya juu ilikuwa nyepesi na kavu, ya katikati ina ubaridi, na ya chini kabisa ni nyeusi, ya moto kidogo, na harufu yake ilinichoma macho mpaka nikageuza uso. Kifaranga anaishi kwenye harufu hiyo. Pua yake iko kimo cha kiganja changu kutoka sakafuni, yangu iko juu kabisa, ndiyo maana nilikuwa naingia kila siku bila kujua.

Milima yetu ndivyo ilivyo: udongo ni kidogo na chini yake kuna mwamba mzima. Maji yakishazama hayana pa kwenda, yanasafiri kati ya udongo na mwamba mpaka yapate pa kutokea, na kwangu yalitokea ndani ya banda. Nilipoelewa hilo nikaelewa pia kwa nini dawa ilikuwa inashindwa. Vimelea vya kuhara damu hutoka kwenye kinyesi vikiwa bado havijakomaa. Vikikuta unyevu na joto hukomaa kwa siku moja au mbili, kuku akidonoadonoa sakafuni anavimeza, na mambo yanaanza upya. Dawa ilikuwa inatibu kuku, sakafu inawaambukiza tena.

Kuanzia siku ile nina kipimo ambacho nakifanya kila wiki na hakina gharama. Chota maranda kutoka safu ya chini, yakamue kwa nguvu kiganjani, kisha fungua mkono. Yakisambaratika, yako sawa. Yakibaki donge, yatoe. Halafu chuchumaa mpaka uso wako ufike kimo cha kuku, vuta pumzi kwa pua. Macho yakianza kuwasha, usingoje kesho.

Matengenezo yalikuwa ya sehemu tatu, na nayaeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo fedha inapoweza kwenda vizuri au kupotea.

Kwanza ni kuyazuia maji kabla hayajazama. Mfereji wa kuchimba haukuwezekana, jembe linagonga mwamba baada ya kina cha kiganja. Mzee yule alinishauri nijenge kizuizi juu ya jiwe lenyewe: mstari mdogo wa vipande vya mawe na saruji, kimo cha tofali moja, uliokatiza mteremko kwa mshazari ili maji yakifika hapo yageuke pembeni. Jiwe lilisuguliwa kwanza kwa brashi ya chuma na kuoshwa, maana saruji haishiki kwenye ukoga. Kisha ule ukanda wa udongo kati ya jiwe na ukuta ulifukuliwa wote, ukajazwa kokoto, na juu yake ukawekwa mfereji wa saruji wenye mteremko.

Hapo likazuka jambo ambalo fundi hatakuambia. Maji niliyoyaondoa kwangu yalikuwa yanaelekea kwa jirani wa chini. Mlimani kila tone unalolisukuma lina nyumba linakokwenda. Nilishuka kwake kabla saruji haijamwagwa, nikambisha hodi, tukakaa. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwani mwaka mmoja nyuma jikoni kwake kulishaingia maji kutokana na ujenzi wa mtu mwingine. Tulikubaliana mfereji wangu uendelezwe kwa gharama yangu kupita ubavuni mwa kiwanja chake mpaka kwenye mtaro wa mtaa, na mjumbe akaja kushuhudia. Gharama ile sikuwa nimeipanga, iliniuma. Lakini leo ananisaidia kufungia kuku nikisafiri, na ningemrushia maji hata salamu isingekuwepo.

Pili, sakafu. Tuliinyanyua: mawe chini, kokoto juu yake, karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia maji yanayopanda, halafu zege jembamba lenye mteremko kuelekea mlangoni. Kokoto nilinunua kwa akina mama wanaoponda kwa mkono, kwa ndoo, ilikuwa nafuu kuliko kuagiza gari na nilichukua kiasi nilichohitaji tu. Mlangoni tuliweka kizingiti ili maranda yasimwagike na maji ya nje yasiingie. Kazi hiyo pamoja na mfereji ilifika karibu laki nne. Ni nyingi kwa kuku wa uani, najua. Kama huna, anza na kizuizi cha juu na mfereji, sakafu itasubiri. Ukianza na sakafu maji yakiwa bado yanakuja, zege litapasuka na utakuwa umelipa mara mbili.

Tatu ni matandiko. Mwanza tuna bahati ya mashine za kukoboa mpunga, na maganda yake ni ya bei ya chini, wakati mwingine unabeba bure ukija na magunia yako. Ila hayanywi maji kama maranda ya mbao. Mimi natandika maranda ya mbao chini na maganda juu, kina cha vidole vinne vilivyolala au zaidi kidogo, na nayageuza kwa reki. Usikubali maganda yaliyolala nje yakanyeshewa, hata kama yamekauka tena. Yanakuwa na ukungu, na vumbi la ukungu linaingia kwenye mapafu ya kuku na huwezi kulitoa. Vivyo hivyo kwa chakula. Wakati wa masika dagaa hawakauki vizuri na pumba za mahindi zinapata ukungu kwenye gunia, na ukungu huo unaleta sumukuvu. Magunia yangu yako juu ya chaga, mbali na ukuta, na ninachonunua msimu wa mvua ni kidogo kidogo hata kama bei ya jumla inavutia.

Masika ya kwanza baada ya matengenezo yale, sakafu ilikaa kavu. Shida ikahamia pembeni. Upande wa ziwa mvua haidondoki, inakuja imelala, inapita kwenye wavu na kupiga kuku waliolala kwenye fito. Wengi hapa wanachukua turubai na kulifunga banda zima. Shangazi yangu wa Buswelu alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na ndani ya muda mfupi kuku wake wakavimba macho na kutoa makamasi. Kuku aliyekauka manyoya anastahimili baridi yetu bila tabu. Kinachomuumiza ni unyevu, ni upepo unaompiga moja kwa moja usiku, na ni kufungiwa na hewa ya kinyesi chake mwenyewe.

Kwa hiyo pazia la banda lifungwe chini na kupandishwa kwenda juu, siyo kuning'inizwa kutoka juu. Nimeshona magunia ya salfeti yaliyopasuliwa, yamepigiliwa kwenye ubao juu ya ukuta wa tofali, na kamba mbili zinalivuta pazia kwenda juu. Hata usiku wa mvua kubwa naacha wazi nafasi ya shubiri moja chini ya paa. Hewa chafu yenye joto inatokea hapo, na kuku waliolala chini ya ukingo wa pazia hawaguswi na upepo. Na paa tuliliongeza upande wa ziwa likatoka nje kiasi cha mkono mmoja, kwa hiyo mvua ya kawaida haifiki kwenye wavu hata pazia likiwa limeshushwa.

Kuhusu mabati niseme machache. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe bondeni ambako maji yanapita, na uwe na mpira chini ya kofia. Bati likipandana na lenzake, la juu lielekezwe ili upepo wa ziwa usipate mdomo wa kuingilia. Jua na ubaridi wa usiku hulitanua na kulisinyaza bati, msumari unalegea polepole, kwa hiyo kila baada ya msimu panda na nyundo uguse mmoja mmoja. Na yale mawe na matairi tunayoweka juu ya paa ili lisiruke yanashika majani na maji, na bati linaoza chini yake bila kuonekana. Mabati mawili kati ya yale manne yaliyobadilishwa yalikuwa yameozea mahali jiwe lilipokuwa limewekwa.

Kiangazi nilidhani ningepumzika. Kumbe ndicho kipindi chenye kazi nyingi zaidi, na pia ndicho cha kufanyia matengenezo yote, kwa sababu saruji inakauka na mbao ziko nyepesi.

Joto kwanza. Jiwe lile lile linalotoa kivuli jioni linashiba jua mchana na kulitoa usiku. Septemba na Oktoba nilikuwa nawakuta kuku saa mbili usiku wamefungua midomo, mabawa yameachana na mwili. Tulipaka mabati chokaa nyeupe juu, tukatandaza nyasi kavu kwenye fito chini ya bati, na kuotesha mpesheni uliotambaa juu ya jiwe. Mpesheni ulichukua muda ila ndio uliosaidia kuliko vyote. Idadi pia ina maana: kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba wanapumua vizuri, ukizidisha hakuna paa litakalokuokoa. Usiku wa Julai ni kinyume chake. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ubaridi unauma. Hapo pazia linapanda, nafasi ya juu inabaki pale pale.

Kisha utitiri. Mchana huuoni. Unajificha kwenye nyufa za fito na kwenye viota, usiku unatoka kunyonya damu. Ukiona kuku wamepauka upanga wa kichwani, mayai yamepungua na wanakataa kupanda kwenye fito, chukua kitambaa cheupe usiku, ukipitishe chini ya fito kwa kukikandamiza. Kikitoka na michirizi myekundu umeshajua. Mimi natoa fito zote nje, naziunguza kwa maji yanayochemka, nazianika juani kutwa, na nyufa za ukuta nazijaza chokaa. Fito zisipigiliwe misumari, ziwekwe kwenye vikato ili zitoke kwa urahisi. Pia nimewatengea beseni la vumbi na majivu, wanaoga wenyewe.

Mchwa wanakula milunda kuanzia pale inapoingia ardhini. Oili chafu ya magari inasaidia kama utapaka sehemu ya chini kabla ya kusimika na kuiacha ikauke kabisa mbali na kuku.

Nguchiro wanaishi kwenye mapango ya mawe yetu, na kiangazi njaa inawasogeza. Wavu wa kuku unamzuia kuku tu, nguchiro anaukata au anachimba chini yake. Ushauri wa kawaida ni kuzika wavu, lakini kwenye mwamba utauzika wapi? Sisi tulilaza wavu mgumu wenye matundu madogo juu ya ardhi kuzunguka banda, upana wa hatua moja, tukaubana kwa mawe. Nguchiro anaanza kuchimba karibu na ukuta, anakuta chuma, hana akili ya kurudi nyuma. Kenge naye anafuata mayai, kwa hiyo viota vyangu viko juu na naokota mayai kabla ya jioni.

Banda zuri halichukui nafasi ya chanjo. Kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, hupenda miezi ya kiangazi kuelekea vuli, na kinaweza kumaliza banda zima kavu na safi. Chanjo yake ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, inastahimili joto kuliko nyingi, ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Ndui inaenezwa na mbu, basi kila mahali maji yanapotuama karibu na banda pamwagwe au pajazwe, na chanjo yake inachomwa kwenye ngozi ya bawa.

Walio chini ziwani, karibu na mialo ya wavuvi, wana hali nyingine, na sitaki wachukue ya mlimani wakayapeleka huko. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, na likapanda tena 2024, maji yaliwafikia kutoka ardhini, na mfereji hauna msaada pale ambapo hakuna mteremko. Rafiki yangu wa huko alibomoa banda la tofali na kujenga la mbao juu ya nguzo, kimo cha kiuno, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke. Alitumia fedha pungufu kuliko mimi. Kitu anachopaswa kuangalia ni upepo unaopita chini ya sakafu usiku, na kwa vifaranga wadogo anatandika magunia upande mmoja.

Kwangu mwaka huu zimebaki nguzo mbili za upande wa ziwa. Nimezichoma kwa bisibisi chini na imezama bila kupingwa, kwa hiyo zimekwisha. Fundi anataka niweke bomba za chuma badala ya milunda, anasema nitasahau mchwa. Bei ni zaidi ya mara tatu, na zinahitaji kutobolewa kwenye mwamba na kushikwa kwa zege. Nimemwambia tuanze na moja, ile ya kona inayobeba paa, kabla Oktoba haijaingia, na ile nyingine tuibadilishe kwa mlunda mzito uliokaukiwa oili. Mama wa nyumba ya pili ameomba aje kuangalia kazi ikifanyika, kwa sababu banda lake nalo limeegemea jiwe.